Nguzo ya Shemeji

Sylvance ni shemeji yangu, ndugu wa marehemu mume wangu, na nimemkasirikia kiasi kwamba hata nikimwombea kanisani naomba huku nimekaza meno. Mchungaji anasema nisamehe. Mchungaji hana shemeji.

Mimi ni Awuor. Nalea watoto wa watu nyumbani kwangu, mtaa wetu uko ng'ambo ya reli ukitoka Indaa, eneo la viwanda. Mama zao ni vibarua wa viwandani, wengi wanatoka Mukuru kwa Reuben. Alfajiri wanafika langoni na mtoto mgongoni, wananiachia chupa ya maziwa na nepi, halafu wanakimbilia foleni, kwa sababu ukichelewa kidogo msimamizi anachukua mwingine. Watoto wananiita Dani, yaani nyanya kwa Kijaluo, hata wale wa Kikamba. Nyumba yenyewe aliinunua mume wangu Omolo alipokuwa fundi wa reli, akikatwa mshahara mwezi baada ya mwezi mpaka baraza likampa hati. Alipofariki nilibaki na nyumba, binti mmoja, Aoko, aliyeolewa mbali, na mikono yangu. Nikaitumia mikono.

Siku moja akaja afisa wa kaunti. Alikuta watoto wamelala hadi chini ya meza ya sebule, na choo ni kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia nijenge chumba nyuma ya nyumba, chenye vyoo vya watoto na mahali pa kuchezea, na niombe kibali cha kuitumia ploti kwa kazi hiyo. Nikikosa kibali, nifunge. Nilimwelewa, maana hata mimi usiku nilikuwa naota moto umewaka na sijui nianze na mtoto yupi.

Basi nikaomba. Nikachorewa ramani, nikangoja, nikakataliwa. Ati eneo ni la makazi, na majirani wamelalamikia kelele. Makazi! Kwenye kona yetu kuna baa inayopiga rumba hadi jogoo anaona haya kuwika. Lango la pili kutoka kwangu kuna bucha. Nyuma kuna kanisa lenye spika za kuitia watu wa Machakos. Hao wote si kelele. Kelele ni mtoto wa kibarua anayelilia titi.

Mama mmoja wa kanisani akaniambia, usilie na karatasi, kuna watu wamesomea hayo mambo, na kukata rufaa ni haki yako, ila usikawie kwa sababu muda wake ni mfupi. Akanielekeza Kariokor. Nikapanda ngazi juu ya duka wanakokata ngozi za viatu, harufu ya gundi inakusindikiza hadi mlangoni, nikamkuta Millicent Nangila, mpangaji miji mwenye leseni. Nilitarajia mwanaume mwenye kitambi. Nikapata msichana wa Kibukusu, mwembamba, anayezungumza kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Alisoma ile barua mara mbili, akaiweka chini.

"Mama, hawa hawakukukatalia," akasema. "Hawa walikataa kufikiri."

Nikampenda hapo hapo.

Na kazi aliifanya, sitamnyima haki yake. Alikuja nyumbani akapima kila ukuta. Alirudi alfajiri nyingine akasimama langoni na sweta yake, aone mama zao wanavyofika na kama kweli wanasumbua mtu. Alizunguka mtaa akiandika kila biashara iliyoruhusiwa na kila iliyojiruhusu. Akanitafutia mtu wa afya aje aandike maoni yake. Halafu akachora upya. Ramani ya kwanza ilikuwa imeweka uwanja wa kuchezea kwenye ukuta wa jirani yangu Luseno, yeye akauhamisha, akaweka hapo chumba cha kulala. "Mtoto aliyelala hana kelele," alisema. "Waje walalamikie kukoroma."

Mambo mawili tu alinisisitizia. La kwanza, hati bado ina jina la marehemu, na mahakama ilituandika wasimamizi wawili wa mali yake, mimi na Sylvance. Wazee wa nyumbani ndio waliotaka hivyo, mjane asiachwe peke yake na hati. Kwa hiyo bila sahihi ya Sylvance hakuna rufaa. La pili, mpaka kamati ya rufaa iamue, nisiguse ardhi.

"Usichimbe, usilete mchanga, usiweke hata jiwe," alisema. "Ukionekana umeanza kujenga kabla ya kibali, hawatasikiliza kitu kingine. Umenisikia, Mama?"

Nilimsikia. Masikio ninayo.

Nikampigia Sylvance, yuko Ugenya. Akasema anakuja. Na akaja, kwa basi la usiku, amevaa koti lake la misiba, na kwenye buti la basi kulikuwa na mti. Mti wa siala, mrefu kuliko mimi, umechongwa ncha, umefungwa gunia kama mgonjwa.

Aliketi kwenye kiti cha Omolo. Alikula samaki mpaka ukabaki mwiba, akanawa, akajifuta. Halafu akaniita jina la kwetu, binti wa Gem, kama wanavyofanya shemeji wakitaka kukumbusha kwamba ulitoka kwingine ukaolewa.

"Nyar Gem, sahihi nitatia. Lakini mjane hajengi peke yake kama mtu asiye na ukoo. Nguzo ya kwanza inasimamishwa na mwanaume wa nyumba hiyo. Omolo hayupo. Mimi nipo."

"Shemeji, chumba ni cha mawe," nikasema. "Hakina hata nguzo moja."

"Kitakuwa nayo."

"Hii ni Nairobi."

"Nairobi mnakufa pia," akasema, taratibu kabisa. "Na mkifa mnaletwa nyumbani. Siku yako ikifika, Nyar Gem, unataka nani akufungulie lango?"

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kucheka hapo. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa kanisa, sina habari na laana za kujenga vibaya, lakini najua maiti ya mjane inaweza kukaa nje ya boma wazee wakibishana kuhusu makosa yake, na binti yake amesimama hapo juani akiwasikiliza. Nimeyaona kwa macho. Sylvance alijua nimeyaona.

Nikatoka nje nikampigia Millicent. Akasema, "Hapana, Mama. Mwambie asubiri hadi tushinde, kisha apande msitu mzima akitaka." Nikarudi nikamwambia Sylvance mtaalamu amesema tusubiri.

"Basi na sahihi isubiri," akasema, akaomba chai.

Sasa nifanyeje? Muda wa rufaa ulikuwa unakwisha. Basi lake la kurudi lilikuwa kesho yake jioni, na Sylvance akisharudi Ugenya huwezi kumng'oa huko bila mazishi. Bila sahihi watoto hawana chumba. Na sahihi iko ndani ya mkono ulioshika mti. Nikajiambia, nguzo moja si jengo. Haina saruji, haina msingi, iko nyuma ya nyumba. Nani atauona mti mmoja uliosimama uani kwa mjane? Hata kamba ya kuanikia nguo ina miti miwili.

Asubuhi akachimba shimo. Kisha akasema lazima kuwe na jirani wa kushuhudia, nguzo haisimamishwi kwa siri kama ya mwizi. Akatoka mwenyewe akamwita Luseno.

Luseno alikuwa karani wa baraza, sasa amestaafu. Ni Mmaragoli. Tumepakana ukuta tangu Omolo yuko hai, na mke wake alipougua mimi ndiye niliyekuwa nampikia uji. Alikuja amevaa jaketi, akavua kofia, akaomba sala ndefu hata mti ukachoka kushikwa. Sylvance akausimamisha, akaushindilia udongo kwa mguu, akataja jina la kaka yake. Hapo nitasema ukweli, nililia. Nilimlilia Omolo. Kwa dakika hiyo moja niliona kweli nyumba imeanza na mwenyewe ameijua.

Luseno akatoa simu. "Ya ukumbusho," akasema, akatupanga: mimi na kitenge changu, Sylvance ameshika nguzo anacheka na meno yote. Alikunywa chai yangu na mandazi. Jioni akanitumia ile picha kwenye simu, nami nikamjibu asante jirani, Mungu akubariki, na ile alama ya mikono iliyofumbatana. Kwa vidole vyangu hivi.

Sylvance akatia sahihi, akapanda basi lake. Millicent sikumwambia. Ningemwambia nini, na karatasi zilikuwa zimeshaingia?

Siku ya kusikilizwa tulikaa kwenye ukumbi mkubwa wenye viti vya plastiki. Sylvance alikuja tena, kwa kuwa msimamizi mwenzangu alitakiwa awepo. Kamati ilikaa mbele, mwenyekiti mama wa makamo mwenye miwani, mwenye sura ya kuchoka lakini si ya uonevu. Millicent akasimama, na jamani, huyo msichana alisema. Hakupayuka. Aliwaonyesha ramani, akawaonyesha baa, bucha na kanisa, akauliza eneo la makazi linaishia wapi na linaanzia wapi. Akasoma maoni ya mtu wa afya. Akawaambia, "Hawa watoto hawatapotea mkisema hapana. Watafungiwa ndani ya vyumba Mukuru, na mama zao watakuwa wanapakia biskuti." Mwenyekiti akaandika kitu. Nikaona anatikisa kichwa kukubali, si mara moja. Moyoni nikaanza kupanga mikeka.

Mwenyekiti akauliza kama kuna jirani mwenye neno. Nikasikia kiti kikikwaruza nyuma yangu. Nikageuka nikamwona Luseno, na jaketi lile lile.

Ndipo nikajua mlalamishi wa kelele alikuwa nani. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeisema methali hiyo tangu utotoni, na siku hiyo ndipo ilipotafuna nyama yangu. Akasema wastaafu wanahitaji utulivu. Akasema watoto wanalia. Mwenyekiti akamsikiliza bila kuandika, nikapumua kidogo. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa simu.

"Na jambo lingine, mheshimiwa. Ujenzi ulishaanza."

Ile simu ikapita kutoka mkono hadi mkono mbele pale, kila mmoja akiivuta picha ikue. Mimi na kitenge changu. Sylvance na meno yake. Millicent akageuka akanitazama. Ningefurahi zaidi kama angenizaba kofi.

Lakini alisimama haraka. "Mheshimiwa, huo si ujenzi, ni mila. Mimi pia natoka magharibi, hata kwetu ipo. Ni mti mmoja, hauna msingi wala saruji, na ramani yetu haina nguzo ya mti mahali popote. Hata Bwana Luseno anajua hivyo. Alikuwepo. Aliombea."

Watu wakacheka. Hata mwenyekiti alitabasamu. "Mila nazijua," akasema. "Huyo mzee wa kwenye picha yuko hapa? Nataka nimsikie mwenyewe."

Sylvance akainuka, akafunga vifungo vya koti. Millicent akamnong'oneza, na mimi niliyekaa katikati nilisikia kila neno: "Mzee, sema ni ishara tu. Ishara tu, basi."

"Mzee," mwenyekiti akamwuliza, "mti huu ni ishara tu ya mila, au ndio mwanzo wa nyumba?"

Mlango ule alimfungulia wazi kabisa. Mtoto wa miaka mitatu angepita. Sylvance akamtazama Luseno, akanitazama mimi, akazitazama zile nyuso zote za watu wa ofisi zinazomngojea yeye, mkulima wa Ugenya, na nikaona kifua kinajaa.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi si mtu wa kucheza na miti. Nyumba ilianza siku hiyo. Mimi ndiye niliyeianzisha."

Akaketi. Ameridhika, nakuambia, kama mtu aliyejibu vizuri mtihani.

Mwenyekiti akanigeukia mimi. "Na wewe, Mama?" Nilitaka kusema huyu mzee hajui anachosema. Lakini ndugu wa mume wangu amekaa kando yangu, ametaja ukoo mbele ya watu, nami nimwite mwongo? Nikasema, "Mti ni mti, mheshimiwa." Sauti ilitoka ndogo hata mimi sikuisikia vizuri. Akaandika.

Tukatolewa nje, tukaitwa tena. Kinachoniuma ni kwamba walikubali sababu za kunikatalia zilikuwa dhaifu. Mwenyekiti aliyatamka hayo kwa mdomo wake. Halafu akasema anayeomba kibali kwa mkono mmoja na kujenga kwa mkono wa pili hawezi kusaidiwa na kamati hiyo. Rufaa imetupwa. Kilichosimamishwa kiondolewe, na ulezi wa watoto ufungwe, yote kabla ya mwisho wa mwezi.

Millicent aliketi kwenye ngazi za nje, akavua viatu. Nilimngoja anitukane.

"Tulikuwa tumeshinda, Mama," akasema tu.

"Hakuna mahakama?"

"Iko. Lakini yale maneno yake yameandikwa, na yatatufuata huko." Akasugua miguu. "Hata kwetu nguzo hiyo ipo. Ulipopiga simu ningetoka nije niongee naye."

Nikamwambia anyamaze, asijitwike mzigo usio wake. Aliyefanya kazi yake vizuri siku hiyo alikuwa yeye peke yake.

Luseno akapita karibu yetu akielekea lango. "Mama Aoko, hakuna ubaya," akasema. "Sheria ni sheria."

"Na chai yangu?" nikamwuliza.

"Ilikuwa tamu," akasema, akaenda zake. Na sitasahau kwamba hakuwa anadhihaki. Ilikuwa tamu kweli, na aliisema kama jirani.

Sylvance alilala kwangu, akala, akarudi Ugenya. Kabla ya kuondoka alisema angalau nyumbani watajua nyumba imeanzishwa kwa njia inayofaa. Nilimtazama nikafikiri labda nimeolewa katika ukoo wa vichaa. Baadaye nikampigia nikamwambia kaunti imetaka nguzo itolewe, aje aitoe yeye aliyeiweka. Akashtuka.

"Usiiguse, Nyar Gem. Nguzo haing'olewi na mwanamke, sembuse mjane. Nitakuja tukimaliza kuvuna."

"Mwisho wa mwezi wanakuja kunishtaki."

"Waambie wangoje mavuno."

Siku ya mwisho mama zao walileta watoto kama kawaida, kwa kuwa kiwanda hakina siku ya mwisho. Amondi ndiye aliyekawia langoni. Ni msichana mdogo, anafungasha sabuni huko Indaa, mtoto wake hata hajaanza kutambaa vizuri. Nikamwuliza kesho atamwacha wapi.

"Sijui, Dani. Nitafunga mlango tu niende, nipitie lunch nimcheki," akasema. "Nisipoenda job hatukuli."

Alisema hivyo akiwa mkavu, hakutoa chozi. Akanipa chupa, akakimbilia foleni yake. Mimi nikasimama na mtoto mkononi. Nilisikia hasira ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya kumzika Omolo.

Nikamlaza mtoto. Nikaenda uani nikaishika ile nguzo kwa mikono miwili, nikaitikisa. Nilidhani nitapigana nayo. Ilitoka kama jino la utotoni, maana Sylvance alikuwa ameshindilia udongo kwa mguu mmoja tu huku akipigwa picha. Jua lilikuwa limeukausha mti vizuri. Nikachukua panga nikaukata vipande. Gesi ilikuwepo jikoni, msifikiri ilikuwa imekwisha. Nilipanga mawe matatu uani, nikawasha moto, nikateleka sufuria kubwa ya uji.

Watoto walitoka wakakaa mbali na moshi wakiangalia. Siala inawaka vizuri, haina moshi mwingi ikikauka. Uji ukaiva, nikautia sukari zaidi ya kawaida, nikawapa kila mtu kikombe chake. Ukutani kwa Luseno niliona kichwa kimechungulia, kikashuka.

Jioni simu ikalia. Sylvance.

"Nyar Gem, wazee wananiuliza. Nguzo yangu haijaguswa?"

"Iko salama, shemeji."

"Iko wapi?"

"Tumboni mwa watoto," nikasema. "Wameimaliza. Sasa wanangoja mama zao."

Nikawa nasikia kuku wa Ugenya. Kisha akaniuliza kama najua nimefanya nini, na siku yangu ikifika nani atanifungulia lango. Nikamwambia siku hiyo nitakuwa nimekufa, atakayesumbuka na lango ni yeye. Nikakata simu, nikaviosha vile vikombe, nikavifunika juu ya meza. Kesho yake alfajiri lango liligongwa, mtoto analia mgongoni mwa mama yake, nami nikabaki kitandani nikisikiliza, mpaka yule mama akachoka akaenda.